Jinsi ya Kumshusha Mama

Kaka yangu ana uvimbe kwenye kisogo, na aliyeuweka ni mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kuna kitu nakificha. Jumamosi asubuhi nilimsukuma kaka yangu mkubwa, mwanamume mwenye mke, watoto na kitambi cha heshima, akaenda kugonga kabati la nguo la mama. Kabati halikuumia.

Muda si mrefu baadaye tulikuwa tumeketi kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha eksirei, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, na katikati yetu mkoba wa mama. Mama alikuwa ndani, amelazwa chini ya mashine. Kaka alikuwa amebana chupa ya maji baridi kisogoni na hakutaka kuniangalia. Aliutazama mlango kana kwamba ungefunguka upesi zaidi ukikaziwa macho.

"Omba isiwe nyonga," aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa.

Nilikuwa naomba. Tangu tulipoingia kwenye gari nilikuwa naomba, mikono nimeikunja mapajani, meno nimeyabana. Nyonga ya mama ikiwa imevunjika, basi na mengine yote yamevunjika. Kaka alikwisha kuweka sharti lake zamani, mbele ya mama mwenyewe: siku mama atakapoanguka mikononi mwangu, siku hiyo hiyo anamchukua. Angempeleka kwake, mji mwingine, kwenye ghorofa ya juu isiyo na lifti, chumba cha nyuma, na msaidizi wa kulipwa. Kaka si mtu mbaya. Anampenda mama kiasi kwamba akizungumza habari zake husahau kupumua. Lakini mama alipolisikia sharti lile alisema, kwa ule ulimi wake ambao kiharusi kimeufanya mzito bila kuupunguzia makali, kwamba huko atakuwa kama ua la plastiki, la kufutwa vumbi wikendi.

Mama ni fundi cherehani. Alishona sare za nusu ya wanafunzi wa mtaa wetu. Sasa upande wake wa kushoto umelala, lakini cherehani bado iko dirishani, na majirani bado wanamletea suruali zao ili awaambie mafundi wengine wameharibu wapi. Anakaa pale kwenye kiti chake, anapindua pindo la nguo kwa mkono mmoja, anaguna. Mguno ule ndio unaomfanya aamke asubuhi. Ukimtoa dirishani pale, sijui kitakachobaki.

Na ili akae dirishani, lazima mtu amtoe kitandani. Mtu huyo ni mimi, binti yake.

Mwanzoni nilikuwa namtoa kwa hasira tu. Nina stashahada ya uandishi, kazi yangu ni kutunga na kusahihisha maneno katika ofisi ya matangazo, na kitu kizito kuliko vyote nilivyozoea kunyanyua kilikuwa kamusi. Mtaalamu wa viungo pale kliniki alinifundisha vizuri, hana deni kwangu: mkanda mpana kiunoni mwa mama, mikono yangu kwenye mkanda na si makwapani, magoti yake ndani ya magoti yangu, tunahesabu pamoja, tunasimama, tunageuka, tunakaa. Niliielewa kila hatua. Mwili wangu ndio haukuwa na kitu cha kuielewa nacho. Mama ni mwanamke mkubwa. Asubuhi moja mgongo wangu ulikataa katikati ya safari, nikabaki nimejikunja kama nepi ya kanga, mama amerudi kitandani kwa makalio, na sote wawili tunatazamana.

"Kalale," akaniambia. "Kwanza tafuta wa kukulaza."

Fundi aliyekuja kurekebisha magurudumu ya kiti chake ndiye aliyenielekeza kwa Mama Chaki, anayefundisha watu kunyanyua vyuma.

Ukumbi wa Mama Chaki ulikuwa zamani karakana ya uchapaji. Mashine zilikwisha kuondolewa, lakini sakafu ilijengwa kuzibeba, na yeye anasema aliuchagua kwa ajili ya sakafu. Bado kuna madoa ya wino mweusi chini na harufu ya mafuta ya mitambo siku za joto. Hakuna kioo hata kimoja. Hakuna muziki. Kuna fremu za chuma alizochomelea mwenyewe, sahani za chuma zilizopauka mpaka huwezi kusoma uzito wake bila kupapasa, matairi ya zamani ya kulalia vyuma, na ubao ulioandikwa RUDISHA ULIPOCHUKUA. Jina lake linatokana na vumbi jeupe la chaki, ile ya kupaka viganjani ili chuma kisiteleze. Limemganda kwenye nguo, kwenye nyusi, hata kwenye simu. Chaki yenyewe ni mchoyo nayo kupindukia. Ukijipaka mara mbili anakuuliza kama unakwenda kupiga plasta.

Aliwahi kufundisha michezo shuleni, na kabla ya hapo alinyanyua vyuma mashindanoni, enzi ambazo mwanamke mwenye kazi hiyo alitazamwa kama mbuzi mwenye miguu mitano. Ni mfupi, mpana, na anajivunia magoti yake. Anavaa kaptura kwa makusudi ili watu wayaone. Sijawahi kukutana na mtu wa umri wake anayezungumza habari za magoti yake kama wengine wanavyozungumza habari za wajukuu.

Siku ya kwanza nilimweleza yote: mama, kiharusi, mgongo, kaka, sharti. Nilieleza kwa ufasaha, nadhani hata nilitumia mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mama ana uzito gani. Nikasema sijampima.

"Basi umeniletea hadithi," akasema. "Kampime. Na kuanzia leo wewe ni Maneno."

Jina likanasa. Mpaka leo mle ndani sina jingine.

Nilidhani nitaanza kunyanyua. Badala yake alinipa chuma kitupu, bila sahani, begani, akaniambia nichuchumae, na nikiwa chini kabisa akaniamuru nikiangushe. Niachie mikono, kifua juu, niruke mbele kidogo, chuma kiende nyuma yangu kwenye matairi. Kikaanguka kwa mlio uliopita mpaka kwenye meno. Akasema tena. Kesho yake, tena. Wenzangu walikuwa wanaongeza sahani, mimi naangusha. Nikamwambia kwamba nimekuja kujifunza kunyanyua, kama ningetaka kuangusha vitu ningebaki nyumbani na vyombo.

"Kunyanyua utajua," alinijibu. "Mimi nataka nijue siku ukishindwa utakuwa umesimama wapi."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa desturi ya mle ndani, ambayo kwa mgeni ni ya ajabu. Kwa Mama Chaki hakuna anayepigiwa makofi kwa kunyanyua. Kuna fundi magari mmoja tunayemwita Kifua, kwa sababu kinaingia mlangoni kabla yake. Nilimwona akisimama na mzigo uliopinda chuma kama upinde, na hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu. Kisha akaongeza, akashuka, akakwama, akakiachia chuma nyuma yake safi kabisa na kutoka mbele akiwa wima. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilidhani wanamdhihaki. Kumbe Mama Chaki anaamini kwamba aliyenyanyua amekwisha kujifurahisha mwenyewe. Aliyeshindwa na akatoka mzima ndiye anayehitaji sababu ya kurudi kesho.

Kosa lisilosameheka mle ndani ni kudaka. Kijana mmoja aliona chuma cha mwenzake kinakwenda chini, kwa moyo mwema kabisa akarukia ncha moja na kuivuta juu. Upande mmoja ukabaki, upande wa pili ukaendelea, na yule mwenye chuma akapindishwa katikati kama nguo inayokamuliwa. Bahati aliumia kiganja tu. Mama Chaki hakupiga kelele. Alimpa yule kijana ufagio, akafagia mpaka akauchukia, na kila alipotaka kujitetea kwamba alikuwa anasaidia, alijibiwa kwamba ndiyo, ndiyo maana hajafukuzwa.

"Anayeanguka ana njia yake," alituambia siku ile. "Ukimvuta upande mmoja, unamnyang'anya njia."

Nguvu zilikuja taratibu, kwa namna isiyo na hadithi. Alikuwa ananiongezea sahani ndogo kama visosi, nikilalamika anazitoa. Akinikuta nimekuja na hasira za ofisini ananipa chuma kitupu na kuniambia hasira ni ya kupikia, si ya kunyanyulia. Alinifundisha kuvuta pumzi iende tumboni na siyo mabegani, kuisikia sakafu kwa kisigino na kwa kidole gumba kwa pamoja, kukiweka chuma karibu na mwili kiasi cha kuchubua muundi, kwa sababu kikienda mbele kwa upana wa vidole tu kinageuka kuwa kitu kingine. Alinifundisha kulala. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Alinirudisha nyumbani siku niliyokuja na macho mekundu, akasema misuli haijengwi pale ukumbini, pale inabomolewa tu, inayoijenga ni usingizi na chakula. Nikirudi nyumbani mama ananiuliza leo nimebomoa nini.

Ila chuma, alisema Mama Chaki, hakina shingo, na mama yako anayo. Kwa hiyo alichukua gunia, akalijaza mchanga na matambara mpaka likafikia uzito wa mama, maana nilikwisha kumpima, akalifunga mkanda katikati. Wanaume wa ukumbi wakalibatiza Mkwe, kwa kuwa ni zito, halisaidii na haliondoki. Nilikuwa nasimama nimelikumbatia Mkwe kwa ule mkanda, na Mama Chaki anakuja kulipiga teke chini bila kunionya. Kazi yangu haikuwa kulizuia. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mguu mmoja nyuma, kulivuta karibu, kuliacha liteleze juu ya paja langu kama mtoto kwenye bembea, na kushuka nalo mpaka sakafuni, kichwa cha mwisho. Mwanzoni nilikuwa napambana, nalinyanyua, naona fahari kwamba halikuanguka. Kila nilipofanya hivyo alitikisa kichwa na kuniambia siku hiyo nimebahatika, tena turudie.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Jumamosi ile asubuhi.

Kaka alikuwa amefika jana yake. Alitaka kuona kwa macho yake. Alisimama karibu na kabati, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule aliyekuja darasani. Nilimfunga mama mkanda. Mama akamwambia kaka asogee kwenye mwanga, naye pia anakaguliwa, kwa sababu mshono wa begani kwenye shati lake ni wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda msibani. Tukacheka. Nikahesabu, tukasimama vizuri, hata kaka aliguna kwa mshangao.

Kisha goti la kulia la mama, lile zima, likaachia.

Nililisikia kwenye mkanda kabla sijaliona. Ni kama kamba iliyokuwa imekaza ikalegea ghafla. Mguu wangu ukarudi nyuma wenyewe, sikuuambia. Nikamvuta mama karibu, paja langu likawa chini yake, tukaanza kwenda. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Nalisema hilo kwa sababu baadaye lilisahauliwa: tulikuwa tunakwenda vizuri.

Kaka akaruka. Aliushika mkono wa mama wa kushoto, ule uliolala, akauvuta juu kwa mikono yake yote miwili.

Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Mwili wake ulipinduka, upande mmoja umetundikwa kwa kaka, upande mwingine umo mikononi mwangu, na kichwa chake kikageukia kwenye pembe ya kitanda, ile ya chuma. Nikasema mwachie. Akasema amemshika. Nikasema mwachie, kaka. Akazidi kuvuta, macho yamemtoka, anasema amemshika, amemshika. Mikono yangu ilikuwa kwenye mkanda na singeweza kuitoa. Nilichobaki nacho ni bega. Nililipeleka kifuani mwake kwa nguvu zote za mguu wa nyuma, zile zilizojengwa kwa visosi.

Aliruka. Kabati likamdaka.

Mimi na mama tukaendelea na safari yetu, taratibu, mpaka sakafuni. Alikaa mapajani mwangu, kichwa chake kwenye shingo yangu, anahema. Tukasikia hanga moja ndani ya kabati inabembea.

"Kabati langu," akasema mama.

Hakuwa na maumivu aliyoweza kuyaeleza, lakini upande ule hausemi kweli siku hizi, huwezi kuuamini. Kaka akasema hospitali. Nilikubali bila ubishi. Na njiani, akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, akasema lile nililokuwa nalisubiri: mama ameanguka mikononi mwangu, na nilijua maana yake.

Ndipo tukawa pale kwenye benchi.

Mama Chaki alikuja. Nilikuwa nimempigia simu, sijui kwa nini, nadhani nilitaka mtu anikemee. Alitokea mwisho wa korido na kaptura yake, nyusi nyeupe, na wagonjwa wakampisha wakidhani ametoka kwenye ajali ya unga. Kaka alisimama kwa adabu, akamwamkia shikamoo, kisha kwa adabu hiyo hiyo akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemtia dada yake kichwani kwamba binadamu ananyanyuliwa kama vyuma, na matokeo ndiyo haya.

Nilitegemea amjibu. Ana ulimi wa kuweza. Lakini alikaa pale katikati, akaupakata mkoba wa mama.

"Huenda," alisema mwishowe. "Mimi nimemfundisha chuma na gunia. Mama yenu sikumfundisha. Tungoje."

Hilo lilinitisha kuliko maneno yote ya kaka. Sikuwahi kumsikia akisema huenda. Nikamsimulia kilichotokea, polepole, bila mikono. Alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Nilipofika pale bega lilipoingia kifuani, aliniuliza mguu wangu wa nyuma ulikuwa wapi. Nikamwonyesha. Akasema vidole vyake vilikuwa vimetazama nje sana, nguvu nyingi zilipotelea pembeni. Kaka alimgeukia, mdomo wazi.

"Zilipotea?" akauliza.

"Ungekuwa ndani ya kabati," akasema Mama Chaki, na akafungua mkoba wa mama bila ruhusa akatafuta peremende.

Mlango ulipofunguka tulisimama wote watatu kwa pamoja. Daktari alikuwa kijana, mchovu, na alikuwa na ile tabia ya madaktari ya kutazama karatasi kwanza na watu baadaye. Nyonga ni nzima. Paja ni zima. Uti wa mgongo hauna neno. Aliyasema kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani, na kila neno lilinitoa kitu kifuani. Sikujua nilikuwa nimebana tumbo tangu nyumbani. Lilipoachia, nikajikuta nimekaa. Mimi ninayechuchumaa na uzito wa mama begani nilishindwa kusimama na uzito wangu mwenyewe. Nilicheka. Nilijisikia nikicheka na sikuweza kujizuia.

Kuna jambo moja tu, alisema daktari. Bega la kushoto limevutwa. Halijatoka, lakini lilikaribia, na litauma. Bega la mtu mwenye kiharusi halina misuli ya kulishikilia, linaning'inia tu. Akauliza ni nani aliyeshika mkono.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kaka akanitangulia.

"Mimi."

"Usiuvute tena," daktari akasema, bila ukali. "Hata kwa mapenzi."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Akaenda mpaka dirishani mwisho wa korido, akasimama huko akiwa ametupa mgongo. Nilimfuata. Nilimkuta analia bila sauti, ile chupa ya maji bado iko kisogoni, maji yanamtiririka kwenye kola.

"Nilidhani nimemuua," akaniambia. "Alipopiga lile yowe. Nilijua ni mimi, na sikuweza kuachia."

Nikamwambia najua. Vidole huwa hivyo. Nikamwambia kuna kijana pale ukumbini, mtu mwema kabisa, alifanya vile vile. Nilimshika mkono, yeye akaniachia niushike. Hatukuwa tumeshikana mikono tangu baba afariki.

Tulirudi nyumbani mama akiwa kiti cha mbele, mkono umefungwa kitambaa shingoni, anatoa amri za barabarani. Mtaalamu wa viungo alikuwa amepita pale hospitalini akamwangalia, akasema tuupumzishe mkono, lakini kusimama anaweza. Aliyemtoa garini ni mimi. Kaka alisimama hatua kadhaa nyuma, mikono mfukoni, akiibana humo kama mtu aliyeficha wezi. Goti la mama lilishika. Akakaa dirishani, akaomba chai, akaomba ile suruali ya jirani iliyobaki tangu juzi, akaguna.

Niliusikia ule mguno nikiwa jikoni na nikaegemea ukuta. Ulikuwa mguno mzuri.

Kaka alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba lile sharti limekwisha. Alisema ameona. Mama haondoki. Alilisema akimtazama mama, na mama akajibu kwamba hakuwa na mpango wa kuondoka hata hivyo, alikuwa amekwisha kuamua kujifunga kwenye cherehani kwa utepe wa kupimia. Wote tukacheka, hata kaka, kwa uangalifu kwa sababu ya kisogo. Nyumba ilikuwa nyepesi. Nilifungua madirisha yote.

Ndipo kaka akaleta lile jingine.

Alisubiri mpaka nimeketi. Akasema yote yamekwenda salama, tushukuru, na hana kinyongo. Ila yeye ni mkubwa wangu. Nimempiga bega mbele ya mama. Mke wake atauliza kuhusu uvimbe ule, watoto watauliza, na baba mdogo amekwisha kupiga simu kusema amesikia kwamba siku hizi nimekuwa bondia. Hataki makubwa. Anataka neno moja tu, hapa hapa, mbele ya mama, kisha tusahau.

Mama aliweka suruali chini. Akasema, kwa upole ambao hautumii mara nyingi, mwanangu, mwambie kaka yako samahani, neno halina uzito.

Nami nayajua maneno, ndiyo kazi yangu. Nilimtazama kaka yangu. Nilimpenda sana saa ile, zaidi ya siku nyingi zilizopita, na uvimbe wake na shati lake baya. Nilimtazama mama, mkono wake umelala kwenye kitambaa, kichwa chake kizima, hakina hata mkwaruzo. Niliitafuta ndani yangu ile samahani kwa uaminifu kabisa, kama unavyotafuta ufunguo mfukoni, na haikuwepo.

"Barafu nitakuletea," nikamwambia. "Shati nitalipeleka likashonwe upya. Baba mdogo nitampigia mimi mwenyewe nimweleze. Shikamoo utaipata kila asubuhi, na kesho nikikukuta umeushika mkono ule tena, nitakusukuma tena."

"Kwa hiyo?" akauliza kaka.

"Kwa hiyo siombi msamaha."